Injini Inazunguka Lakini Haiwaki: Mwongozo kwa Mwenye Pikapu Kabla ya Kumlipa Fundi

Pikapu ni chombo cha kazi. Hubeba nyanya kwenda sokoni, saruji kwenda kiwanjani, madumu ya maziwa kwenda kwa mnunuzi na, inapobidi, mgonjwa kwenda zahanati. Kwa hiyo asubuhi ambayo injini inazunguka bila kuwaka, hasara huanza kuhesabiwa kabla fundi hajafika: mzigo unaharibika, mteja anasubiri, na vibarua waliokodiwa kupakia wamekaa kivulini wakidai ujira wao. Katika haraka hiyo ndimo mlaji hununua asichokihitaji. Betri mpya hufungwa kwenye gari ambalo betri yake ni nzima. Stata hufunguliwa ilhali inapiga vizuri. Pampu ya dizeli hung'olewa na kupelekwa kurekebishwa kwa gharama kubwa, kumbe hewa imeingia kwenye mafuta kupitia mpira uliopasuka.

Makala haya hayakusudii kumgeuza msomaji kuwa fundi. Tunakusudia kumwezesha aieleze hitilafu kwa usahihi, na aweze kupima kama kazi anayotozwa inalingana na hitilafu hiyo. Mengi tunayoyaeleza hayahitaji zana yoyote zaidi ya macho, masikio na msaidizi mmoja wa kukaa kwenye usukani.

Neno moja, hitilafu tatu

Mwenye gari humpigia fundi simu na kusema, "Gari haliwaki." Kauli hiyo ni ya kweli, lakini imeficha hali tatu zilizo tofauti kabisa.

Hali ya kwanza ni ukimya: ufunguo unazungushwa na hakuna kinachosikika. Hali ya pili ni mlio mfupi wa "ta-ta-ta" bila injini kuzunguka. Hali hizo mbili kwa kawaida humwelekeza fundi kwenye betri, vichwa vya betri, kebo, stata na swichi ya ufunguo. Hali ya tatu, ambayo ndiyo tunayoizungumzia hapa, ni pale stata inapopiga, injini inazunguka, lakini haishiki.

Tofauti hii ina thamani ya fedha. Ikiwa injini inazunguka kwa kasi yake ya kila siku, basi betri ina nguvu ya kutosha kuizungusha na stata inafanya kazi. Fundi anayependekeza kubadilisha kimojawapo katika hali hiyo anapaswa kueleza sababu yake kwa kipimo. Kwa hiyo, unapopiga simu, sema hivi: "Stata inapiga, injini inazunguka, lakini haiwaki." Kwa sentensi hiyo moja umekwisha kumpunguzia fundi nusu ya safari.

Injini inadai nini ili iwake

Injini ya petroli inadai mambo manne: mafuta, hewa, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche ya plagi inayotokea kwa wakati wake. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Yenyewe huigandamiza hewa kwa nguvu kubwa zaidi, kwa kawaida kati ya mara 15 na 23 ya ujazo wake wa awali, mpaka hewa hiyo ipate joto la kutosha kuwasha dizeli inayonyunyizwa na nozeli. Injini baridi husaidiwa na hita plagi, ambazo hupasha joto chumba cha kuwakia kwa sekunde chache kabla ya kupiga stata.

Kuchunguza injini isiyowaka, basi, ni kuuliza ni dai lipi halijatimizwa. Kila hatua tunayoieleza hapa chini inajibu sehemu ya swali hilo. Anayefuata mpangilio huu hutoka kwenye jambo la bure kwenda kwenye jambo la gharama, na anayebahatisha hutembea njia hiyo kinyumenyume.

Tahadhari kabla ya kuanza

Weka gia huru na uvute breki ya mkono. Usipige stata mfululizo kwa zaidi ya sekunde 10 hivi. Pumzisha kwa dakika moja au zaidi, kwani stata huungua kwa joto na betri huisha nguvu. Usivute sigara wala kuwasha moto karibu na gari lililofunguliwa boneti, hasa ikiwa unasikia harufu ya petroli.

Usifungue bomba lolote la mafuta katika injini za kisasa za dizeli zenye reli ya pamoja, kama zile za Toyota zilizoandikwa D-4D. Shinikizo ndani ya mabomba hayo hupita bari 1,000, na mafuta yanayochomoka kwa nguvu hiyo hupenya ngozi na kuingia mwilini. Vivyo hivyo, usichomoe waya wa plagi ya petroli ili "kuona cheche" ukiwa umeushika kwa mkono. Umeme wake hufikia makumi ya maelfu ya volti.

Wapo wanaopulizia dawa ya kuwashia injini kwenye bomba la hewa. Katika injini ya dizeli yenye hita plagi, mvuke huo unaweza kuwaka kabla ya wakati na kuvunja pistoni au bomba la hewa lenyewe. Tunashauri mlaji asikubali jambo hilo lifanywe kwenye gari lake.

Hatua ya kwanza: sikiliza mzunguko

Mwombe msaidizi apige stata, nawe usimame mbele ya gari usikilize. Unalinganisha sauti hiyo na ile unayoijua ya kila asubuhi.

Ikiwa injini inazunguka polepole, kama iliyochoka, rudi kwenye betri. Betri inaweza kuwa na nguvu ya kuzungusha lakini isiwe na nguvu ya kuwasha, kwani stata inapokula umeme wote, kompyuta ya gari na koili hubaki na njaa. Na injini ya dizeli isiyozunguka kwa kasi ya kutosha haipati joto la mgandamizo. Betri iliyojaa na kupumzika husoma takribani volti 12.6. Ikisoma chini ya 12.0 imekwisha. Wakati wa kupiga stata, kipimo kikishuka chini ya volti 9.6 hivi, betri au kebo zake zichunguzwe kwanza. Safisha vichwa vya betri na uvikaze kabla ya kununua chochote.

Ikiwa injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, laini na haraka, bila yale mapigo yanayopanda na kushuka, acha kupiga stata mara moja. Huenda mkanda wa taimingi umekatika na mgandamizo umepotea. Katika injini nyingi, kuendelea kuzungusha wakati mkanda umekatika huzigonganisha valvu na pistoni, na kazi ya kubadilisha mkanda hugeuka kuwa kazi ya kufungua injini nzima. Gari la namna hiyo lisisukumwe wala kuvutwa ili liwake. Baadhi ya pikapu za dizeli za Toyota zina taa ya dashibodi iliyoandikwa T-BELT, ambayo huwaka muda wa kubadilisha mkanda unapofika. Ikiwa taa hiyo iliwahi kuwaka na ukaipuuza, au ilizimwa bila mkanda kubadilishwa, mweleze fundi.

Ikiwa mzunguko ni wa kawaida, endelea na hatua ya pili.

Hatua ya pili: soma dashibodi

Fungua ufunguo bila kupiga stata, kisha angalia taa. Taa ya injini inapaswa kuwaka. Isipowaka kabisa, huenda kompyuta ya gari haipati umeme, na hapo fyuzi na relei ndizo zinazotangulia kuchunguzwa. Mchoro wa fyuzi huwa umechapishwa ndani ya kifuniko cha sanduku lake. Fyuzi iliyokatika huonekana kwa macho, na bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kumfuata fundi. Fyuzi mpya ikikatika tena papo hapo, usiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya. Kuna mahali umeme unagusana, na kazi hiyo ni ya fundi umeme.

Angalia pia taa yenye alama ya ufunguo au gari lenye kufuli. Hiyo ni ya imobilaiza, kinga ya wizi inayotambua chipu iliyomo ndani ya ufunguo. Katika magari mengi, ikiwa ufunguo haujatambuliwa, stata itapiga kama kawaida lakini injini itanyimwa mafuta au cheche. Taa hiyo ikiendelea kumetameta baada ya ufunguo kufunguliwa, jaribu ufunguo wa akiba. Ufunguo uliochongwa mtaani bila chipu hufungua mlango na kupiga stata, lakini hauwashi injini.

Kumbuka pia vifaa vilivyoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani: alamu, swichi ya siri, au kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa na mwenye gari, kampuni ya bima au mkopeshaji. Vingi kati ya hivyo hukata umeme wa pampu ya mafuta. Ukinunua pikapu iliyotumika, muulize muuzaji ni vifaa gani vimefungwa na wapi. Swali hilo huokoa siku nzima ya kufungua dashibodi. Baadhi ya magari ya Ford na Land Rover yana swichi ya usalama inayokata mafuta baada ya mgongano au mtikisiko mkubwa, na huhitaji kubonyezwa tu ili irudi.

Mwisho, tazama mshale wa mizunguko ya injini wakati msaidizi anapiga stata. Katika magari mengi yenye kompyuta, mshale hujiinua kidogo. Ukibaki umelala kabisa, sensa ya kranki au waya wake ni miongoni mwa washukiwa wa kwanza. Bila taarifa ya sensa hiyo kompyuta haijui pistoni iko wapi, na haitoi amri ya mafuta wala cheche.

Hatua ya tatu: mafuta yapo, na ni mafuta kweli?

Geji ya mafuta huharibika. Mtu anayejua kuwa tenki lake lina robo kwa sababu mshale unasema robo hajui bado. Gonga tenki, chungulia ikiwezekana, au ongeza lita tano kabla ya kuita gari la kuvuta.

Jiulize pia: gari lilijazwa mafuta lini, wapi, na aina gani? Gari likizima au kukataa kuwaka muda mfupi baada ya kutoka kituoni, mafuta yenyewe yamo kwenye orodha ya washukiwa. Petroli iliyowekwa kwenye tenki la dizeli huharibu pampu, kwani pampu hiyo hulainishwa na dizeli yenyewe. Ukigundua kosa hilo kabla ya kuwasha, usifungue hata ufunguo. Tenki lichuruzishwe kwanza.

Uchakachuaji wa mafuta si hadithi nchini Tanzania. Kwa miaka mingi mafuta ya taa, yaliyotozwa ushuru mdogo, yalichanganywa kwenye dizeli na petroli. Mwaka 2010 EWURA ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta yanayouzwa nchini, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Maji nayo huingia kwenye matenki ya vituo, kwenye madumu na kwenye pipa lililoachwa nje usiku.

Maji ni mazito kuliko dizeli na petroli, hivyo hukaa chini. Pikapu nyingi za dizeli zina kikombe cha kutenga maji chini ya chujio, chenye skrubu ya kumwagia. Mwaga kiasi kidogo kwenye chupa ya kioo iliyo safi na kavu, uiache itulie kwa dakika kadhaa. Ukiona tabaka mbili zilizotengana, ya chini ni maji. Chupa hiyo usiitupe. Tutaieleza hapo mbele.

Hatua ya nne: je, mafuta yanafika kwenye injini?

Kwa gari la petroli lenye pampu ya umeme ndani ya tenki, fungua ufunguo bila kupiga stata huku msaidizi ameweka sikio karibu na mdomo wa tenki. Katika magari mengi pampu hunguruma kwa sekunde mbili hivi kisha hunyamaza. Katika mengine hunguruma tu wakati stata inapiga, hivyo ukimya peke yake hautoshi kuihukumu pampu. Badilishana relei yake na nyingine inayofanana nayo kwenye sanduku lilelile, kama ipo, kabla ya kukubali pampu mpya.

Ukisikia harufu kali ya petroli baada ya kupiga stata mara nyingi, huenda plagi zimelowa. Kwa injini zenye kompyuta, kanyaga mafuta mpaka mwisho na upige stata kwa sekunde chache. Nyingi kati yake hupunguza au kusimamisha mafuta katika hali hiyo, na silinda hupata nafasi ya kukauka.

Kwa gari la dizeli, bomba la moshi ndilo linalosema. Msaidizi apige stata, nawe usimame nyuma uangalie. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika kwenye silinda lakini haichomeki. Chunguza hita plagi, relei yake, kasi ya mzunguko na, mwisho, mgandamizo. Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki. Hapo chunguza tenki, chujio, hewa kwenye mabomba na umeme wa pampu. Jaribio hili halina gharama, na jibu lake hubadilisha kabisa orodha ya vipuri vinavyoweza kuhitajika.

Pikapu za dizeli za zamani zenye pampu ya kimakanika huwa na kizuia mafuta cha umeme kwenye pampu hiyo. Ufunguo unapofunguliwa, hutoa mlio mmoja mdogo: "tak". Mlio usiposikika, pima kama umeme unafika pale. Mara nyingi waya umekatika au fyuzi imeungua, na pampu yenyewe haina tatizo lolote.

Hewa ndiyo adui mkubwa wa dizeli. Ikiingia kupitia mpira uliopasuka, klipu iliyolegea au pampu ya mkono iliyochakaa juu ya chujio, mafuta hurudi kwenye tenki usiku, na asubuhi injini huzunguka bila kushika. Bonyeza pampu ya mkono mara nyingi mpaka iwe ngumu, kisha piga stata. Injini ikiwaka, na kesho yake tatizo likarudi, una sababu nzuri ya kuamini kuwa hewa inaingia mahali fulani kati ya tenki na pampu.

Hatua ya tano: hewa na njia ya moshi

Fungua sanduku la chujio la hewa. Vumbi la barabara za vijijini huziba chujio, na panya hujenga viota ndani yake gari linapokaa muda mrefu. Panya haohao hutafuna waya, kwa hiyo ukiona vipande vya nyasi na vinyesi chini ya boneti, kagua waya zote kwa macho. Bomba la moshi lililojaa tope baada ya gari kukwama nalo huzuia injini kupumua.

Mashine ya kompyuta inasema nini, na haisemi nini

Hatua hizi zisipotoa jibu, gari lenye kompyuta lipimwe kwa mashine. Lipia kipimo hicho kama kazi inayojitegemea, na uombe namba za hitilafu ziandikwe kwenye karatasi yako. Namba hizo ni mali yako. Ukienda gereji nyingine utazihitaji.

Hata hivyo, namba inaonyesha mahali pa kuanzia uchunguzi. Haitaji kipuri cha kununua. Namba P0335, kwa mfano, inahusu njia ya umeme ya sensa ya kranki. Inaweza kuwa ni sensa, lakini inaweza pia kuwa ni waya uliokwanguka au soketi iliyoingia maji. Fundi akisema, "Mashine imesema sensa," muulize kama amepima waya na soketi kabla ya kuagiza sensa.

Mfano mmoja

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mkulima wa nyanya wa Ilula mwenye pikapu ya dizeli ya zamani. Juzi alibadilisha chujio la dizeli. Leo alfajiri injini inazunguka vizuri lakini haishiki, na matenga yamekwisha pakiwa. Fundi wa kwanza anasikiliza kidogo na kusema nozeli zimekwisha na pampu inahitaji kufunguliwa. Anaomba malipo ya awali.

Mkulima huyu angefuata mpangilio wetu, angeona hivi. Mzunguko ni wa kawaida, hivyo betri na mkanda si wa kushukiwa kwanza. "Tak" ya kizuia mafuta inasikika. Moshi hautoki, hivyo dizeli haifiki. Kitu kilichoguswa karibuni ni chujio. Anabonyeza pampu ya mkono, anaikuta laini, anaibonyeza mpaka inakuwa ngumu, na gari linawaka. Kesho yake halishiki tena. Sasa ana maelezo kamili ya kumpa fundi: hewa inaingia, na huenda ni pale kwenye ringi ya mpira ya chujio jipya au pampu ya mkono. Kazi ya dakika chache imechukua nafasi ya kazi ya siku kadhaa, na nyanya zimefika sokoni.

Haimaanishi kuwa fundi wa kwanza alikuwa mwizi. Nozeli huchakaa kweli, na pampu hufa kweli. Lakini nozeli nne mara chache hufa zote usiku mmoja, siku moja baada ya chujio kubadilishwa. Swali linalofaa kumuuliza fundi yeyote ni hili: "Umepima nini, na kipimo kimeonyesha nini?"

Haki zako gereji na kituoni

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa na huduma. Kumwambia mtu kuwa kipuri kimekufa ilhali hakijapimwa, au kumfungia kipuri kilichotumika kwa jina la kipya, ni mambo ambayo mlaji anaweza kuyalalamikia. Tunakushauri yafuatayo.

Kwanza, kubalianeni gharama ya uchunguzi peke yake kabla boneti haijafunguliwa. Gharama ya matengenezo ijadiliwe baada ya chanzo kujulikana, na iandikwe, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari yenye tarehe, namba ya gari, jina na saini ya fundi.

Pili, usiruhusu vipuri viwili au zaidi vibadilishwe kwa pamoja "tuone." Kikibadilishwa kimoja, injini ijaribiwe. Vinginevyo hutajua kamwe ulilipia nini.

Tatu, dai kurudishiwa vipuri vilivyotolewa, hata kama ni chakavu. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Nne, dai risiti ya EFD kwa kipuri na kwa mafuta. Bila risiti, dai lako hubaki neno lako dhidi ya neno la mwingine.

Tano, kagua kifungashio cha kipuri kabla ya kukifungua: maandishi yaliyokosewa, chapa iliyofifia na namba ya kipuri isiyolingana na ile ya kipuri cha zamani ni dalili za bandia. Malalamiko kuhusu bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Yale ya ubora hafifu wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango, TBS.

Kuhusu mafuta, hapa ndipo ile chupa ya kioo inapopata kazi. Iandike tarehe, saa, jina la kituo na namba ya pampu kama unaikumbuka, uifunge vizuri, uiweke mbali na moto na watoto, na uiambatanishe na risiti. Kisha toa taarifa EWURA mapema iwezekanavyo, kwani maofisa wakichelewa, tenki la kituo litakuwa limekwisha jazwa shehena nyingine. Ukishuku kuwa pampu ya kituo imekupunja lita, hilo ni la Wakala wa Vipimo.

Karatasi ya kumpa fundi

Nakili mistari hii, uijaze, umkabidhi fundi kabla hajagusa gari, nawe ubaki na nakala:

Aina ya gari, mwaka na aina ya injini.
Stata inapiga? Kwa kasi ya kawaida, polepole, au kwa wepesi usio wa kawaida?
Tatizo lilianza lini? Gari lilizima likiwa njiani, au lilikataa asubuhi?
Hutokea injini ikiwa baridi, ikiwa moto, au wakati wote?
Taa zipi zinawaka au kumetameta kwenye dashibodi?
Moshi unatoka wakati wa kupiga stata? Wa rangi gani?
Mafuta yaliwekwa mara ya mwisho lini na wapi?
Kitu gani kilitengenezwa au kubadilishwa katika mwezi uliopita, na nani aliyekifanya?
Nini kimekwisha kujaribiwa leo, na matokeo yake?

Mistari miwili ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi, na mara nyingi ndiyo yenye jibu. Ijaze hata kama aliyegusa gari ni ndugu yako.